UZI: Wikiendi yangu ya kwanza na pikipiki mpya ya drag, Santa Pod (Hayabusa, daraja la 9.50)

Mtoto_wa_Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Niliahidi kwenye ule uzi wa mafundi kwamba mashine ikitoka gereji nitaleta mrejesho. Imetoka. Natype nikiwa nimelala ndani ya van, nje kuna baridi ya kijinga na jirani yangu anakoroma kama jenereta. Nitaandika kwa vipande, msinikimbize.

Kwa wasionijua: nimekulia Tanga, nimeshika spana za bodaboda tangu nikiwa na miaka kumi na tano, sasa nipo Northampton, Uingereza, kazi yangu ni ghalani, usiku. Kutoka kwangu hadi Santa Pod ni mwendo wa nusu saa hivi. Hapo ni kijiji cha Podington. Zamani ulikuwa uwanja wa ndege za kivita, Wamarekani walirushia ndege zao za mabomu za B-17 hapo wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1966 ukageuzwa uwanja wa mbio za drag, wa kwanza wa kudumu Ulaya. Mwaka 2018 njia yote wakaimwaga zege. Sasa ni nyeupe, imenyooka, imepakwa dawa ya kunata mpaka ukikanyaga na ndala inabaki pale, wewe unaendelea na safari.

Mashine ni Suzuki Hayabusa ya kizazi cha kwanza, cc 1,299, niliipata imeanguka ubavu. Injini sijaifungua. Haina turbo. Nilichofanya:

Mkono wa nyuma unaoshika tairi nimeweka mrefu, umeongezeka sentimita 20. Shokapu za mbele nimezivuta chini kwa mkanda. Klachi nimeweka spring ngumu zaidi. Gia napandisha kwa upepo: kuna kachupa ka hewa, napiga kitufe cha honi, hewa inasukuma pedali ya gia, injini inakatwa moto kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, gia inaingia bila kugusa klachi wala kurudisha mafuta. Ekzosi ya wazi. Basi.

Ukaguzi jioni hii nimepita mara ya pili. Mara ya kwanza mkaguzi alipiga goti, akaingiza kidole chini ya injini, akaniuliza waya uko wapi. Nati ya kumwagia oili lazima ifungwe na waya isijifungue njiani, maana oili ikimwagika pale watu wote wanakaa saa nzima wakisubiri njia isafishwe, na wanakuangalia. Kesho ni mbio za kupanga nafasi. Usiku mwema.

dereva_wa_mchanga

Nimeweka kambi. Swali la kijinga mkuu: mbio zenyewe kilomita ngapi?

Mtoto_wa_Ngamiani

Mita 402. Robo maili. Mnaondoka wawili, mnafika, mmoja anarudi nyumbani.

dereva_wa_mchanga

Mita mia nne?? Mzee umekesha gereji mwaka mzima kwa ajili ya kutoka Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo?

Kipusa_wa_Ruwi

Usimcheke ndugu yangu. Mimi niko Muscat, niliwahi kupelekwa na shemeji Bahrain, pale Sakhir, wana njia ya drag hapo hapo kwenye uwanja wa Formula 1. Wanakimbia usiku kwa sababu ya joto. Ile ya mafuta maalumu ilipopita, miwani ilinitetemeka usoni na machozi yakanitoka, sikujua ni moshi au ni hofu. Mita mia nne zinatosha kabisa.

bibi_gia

Na hilo "daraja la 9.50" ni nini?

Mtoto_wa_Ngamiani

Dada hapo ndipo penye mchezo wote. Unatakiwa umalize kwa sekunde 9.50. Ukimaliza kwa 9.51 safi. Ukimaliza kwa 9.49 umetoka, hata kama umemwacha mwenzako kule nyuma anatafuta funguo. Wote wawili mkivuka chini ya 9.50, aliyezidisha kidogo ndiye anapita. Kwenye kupanga nafasi ni hivyo hivyo, anayekaribia 9.50 bila kuivuka ndiye wa kwanza.

dereva_wa_mchanga

Yaani mnafukuzwa kwa kuwa na kasi. Hii chai.

Mtoto_wa_Ngamiani

Kunywa ikiwa moto.

Mtoto_wa_Ngamiani (Jumamosi usiku)

Haya wakuu, leo. Nimekimbia mara nne.

Ya kwanza. Unaingia kwenye maji kidogo, unashika breki ya mbele, unapiga resi, tairi la nyuma linazunguka mpaka litoe moshi. Siyo mbwembwe, unalipa joto lishike zege. Kisha unasogea taratibu kwenye mstari. Kuna miali miwili ya taa inayokatwa na tairi la mbele: ukikata ya kwanza inawaka taa ndogo ya juu, ukikata ya pili inawaka nyingine, uko tayari. Taa tatu za njano zinawaka kwa pamoja, na baada ya sekunde 0.4 kijani. Ukiisubiri kijani umeshachelewa. Unaondoka na njano.

Niliondoka nayo. Tairi likazungukia pale pale. Nikasikia injini inalia, nikaona mwenzangu anapungua, mimi naenda kando kando kama kaa. Karatasi ya muda ikasema 10.31. Mita 18 za kwanza peke yake zilichukua 1.94. Hizo mita 18 ndizo daktari wa drag, zikiwa mbovu huna haja ya kusoma chini.

Nikarudi kambini na hasira. Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa PSI 18, nikashusha hadi 14. Halafu nikashusha na resi ya kuondokea, kutoka mizunguko 6,500 kwa dakika hadi 5,000. Nikaona nimemaliza kazi.

Ya pili: haikuteleza. Ila ilikufa. Nilipoachia klachi injini ikadidimia kama bodaboda iliyobeba mkaa magunia matatu, kisha ndipo ikaamka. 10.12.

Sasa niambieni, ni upepo ulionisaidia na resi iliyoniharibia? Au vyote? Sikujua. Nilikuwa nimekaa juu ya kiti cha plastiki naitazama ile karatasi, jirani yangu (yule anayekoroma, mzee wa Kiingereza wa zaidi ya miaka sabini, anakimbia na Kawasaki ya zamani kuliko mimi) akaja na kikombe cha chai. Hakuuliza mashine ina nguvu kiasi gani. Aliuliza, "Umebadilisha vitu vingapi?" Nikamwambia viwili. Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Baada ya dakika tano akarudi na daftari jipya na kalamu, akaviweka juu ya tangi.

Nikaacha upepo kwenye 14, nikarudisha resi 6,000. Hicho tu.

Ya tatu: mita 18 kwa 1.61. Wakuu, nilihisi tumbo limebaki nyuma. Gia ya pili ikaingia. Nikabonyeza ya tatu... hakuna. Nabonyeza tena, hakuna, injini inagonga ukomo wa mizunguko, brrrrrr. Nikafika mwisho kwa kubembea.

fundi_Eldoret

Upepo wa gia uliisha. Ulisahau kujaza chupa?

Mtoto_wa_Ngamiani

Nilijaza mwenyewe, PSI 130, nikahakikisha. Nilipoitazama baada ya mbio ilikuwa 70. Kwenye foleni ya kuondokea tulikaa dakika ishirini na kitu, ilikuwa inavuja kimya kimya muda wote huo, na mimi nimevaa helmeti, pembeni kuna injini kumi zinanguruma, ungesikia wapi?

Sasa hapa ndipo Tanga ilipookoa jahazi. Wenzangu wa kambi ya pili walikuwa wanataka kuniazima kifaa cha kutafutia mvujo. Nikawaambia subirini. Nikachukua sabuni ya vyombo, maji kidogo kwenye kikombe, brashi ya kupakia grisi. Nikapaka kila kiunganishi kimoja kimoja, kama unavyotafuta pancha kwenye tyubu. Cha kwanza, hamna. Cha pili, hamna. Cha tatu, kile cha kuingilia kwenye silinda ya gia, povu likaanza kuota polepole, kapovu kamoja, kakakua, kakapasuka, kakaota kengine. Kiunganishi chenyewe ni mtumba niliununua mtandaoni. Nilikifungua, nikasafisha nyuzi zake, nikazungushia mkanda mweupe wa mafundi bomba, nikakaza. Nikapaka sabuni tena. Kimya.

Mzee wa Kawasaki alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akaniomba hicho kikombe cha sabuni.

Ya nne: 9.583. Maili 146 kwa saa mwishoni, karibu kilomita 235. Nimeshika nafasi ya 9 kati ya 16. Kesho mtoano.

bibi_gia

Hiyo ya sabuni nimeipenda. Marehemu babu alikuwa na karai la maji mbele ya kibanda chake Mwanza, tairi za baiskeli zote za mtaa zilibatizwa pale.

Mzee_wa_Plagi

Hongera mkuu. Ila hoja yangu: kama injini haijafunguliwa, kwanini usibadilishe spoketi kabla ya kuchezea klachi? Mimi ningeweka ya nyuma kubwa zaidi, iondoke kirahisi.

Mtoto_wa_Ngamiani

Nilifikiria. Ya kiwandani ni meno 17 mbele na 40 nyuma. Ukiongeza meno nyuma, inaondoka kwa nguvu zaidi lakini gia zinaisha mapema, na pikipiki isiyo na vijimagurudumu vya nyuma vya kuzuia isibinuke, ile nguvu ya ziada inaishia kunyanyua tairi la mbele. Ndiyo sababu kwanza nikarefusha mkono wa nyuma. Halafu kwa 9.50 sihitaji nguvu zaidi. Nahitaji iwe ile ile kila mara. Hata hivyo wazo lako nimeliandika kwenye daftari, ukurasa wa tatu. Unaona nilivyoanza kuwa mstaarabu.

dereva_wa_mchanga

Na zile kali kabisa zinakimbia ngapi? Nataka kujua nimtishe jamaa yangu wa Thika Road anayejiita mfalme.

Kipusa_wa_Ruwi

Mmarekani Larry McBride ndiye wa kwanza kushuka chini ya sekunde sita kwa pikipiki, mwaka 1999. Mafuta yao ni naitromethani. Mwambie huyo mfalme, na umwambie ile ilikuwa njia iliyofungwa, siyo barabara yenye matatu na wamama wanaovuka.

Mtoto_wa_Ngamiani (Jumapili, saa nne asubuhi)

Mvua. Drag haikimbiwi kwenye maji, tairi laini zile na dawa ya kunata, maji yakiingia katikati ni barafu. Tumekaa kwenye mahema tunakula mikate yenye soseji. Mimi nina chapati za jana. Mzee wa Kawasaki ameonja moja, sasa anazitazama zilizobaki kwa namna ambayo siipendi.

fundi_Eldoret

Wakati unangoja mvua, nikuulize. Hapa kwetu tuko juu, zaidi ya mita 2,000. Hiyo mashine yako ukiileta hapa itakimbia ngapi?

Mzee_wa_Plagi

Naomba nijibu mimi, niliwahi kufundisha fizikia. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Ila muda hauongezeki kwa asilimia 20. Kanuni ya mafundi: muda unabadilika kwa theluthi ya badiliko la nguvu. Kwa hiyo chukua asilimia 7 ya 9.5, ongeza. Utapata kama 10.2.

fundi_Eldoret

Ndiyo maana watu wa Mombasa wakija huku wanalaumu kabureta.

Mzee_wa_Plagi

Na joto pia, usisahau. Nyuzi tatu za joto ni kama asilimia moja ya hewa.

Mtoto_wa_Ngamiani (Jumapili usiku)

Mzee_wa_Plagi, ungejua ulichoandika hapo juu. Na mimi niliisoma, nikaweka "like", nikaenda kuvaa helmeti.

Mvua ilikata saa tano na nusu. Wakakausha njia, wakapaka dawa upya.

Raundi ya kwanza, mpinzani wangu aliondoka kabla ya kijani. Taa nyekundu upande wake. Nimepita hata sijafika gia ya pili. Nilikimbia mpaka mwisho hivyo hivyo ili nipate namba za daftari: 9.57.

Raundi ya pili, saa tisa alasiri, jua limetoka, kipimajoto cha kambi kinasoma 24. Jamaa wa upande wa pili ni mzoefu, Jumamosi alikimbia 9.50 kamili mara mbili. Nikasema basi, nimefika. Sasa angalieni hizi namba maana zinahitaji kusomwa taratibu. Mimi tangu kijani kuwaka mpaka kuondoka: 0.094. Njiani: 9.561. Yeye kuondoka: 0.171. Njiani: 9.502. Alikimbia vizuri kuliko mimi, karibu ukamilifu. Lakini jumlisha. Mimi 9.655, yeye 9.673. Nilifika mbele yake kwa mita moja na kidogo. Nilimshinda kwenye taa, siyo barabarani. Alikuja kambini kunipa mkono, akasema alikuwa anawaza chakula.

Kisha foleni ndefu, kuna gari liliangusha oili, tukasubiri. Nusu fainali ikaja saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilikuwa na daftari mkononi, nimejaa elimu. Nikajiambia: nimekimbia 9.57 na 9.56, nina nafasi ya sehemu sita za mia mpaka 9.50, wacha niongeze resi ya kuondokea kidogo tu, 200, nishuke hadi 9.53. Badiliko moja. Nikaliandika. Nikajisifu.

Nikaondoka kwa 0.081. Gia zote zikaingia kama siagi. Nikageuza macho kidogo, sioni mtu. Mita mia tatu, sioni mtu. Nikawa nacheka ndani ya helmeti, wakuu, nacheka kwa sauti, nimelala juu ya tangi, kidevu kwenye tangi, mafuta yote.

9.446.

Mwenzangu 9.533. Amepita.

Nilirudi nikiwa nasukuma pikipiki kwenye njia ya kurudia, nikahisi shingo inaingia baridi. Nikafika kambini, nikatazama kipimajoto. 16.

Mzee_wa_Plagi

Nyuzi nane. Asilimia karibu tatu ya hewa. Theluthi yake ni asilimia moja, na hiyo ni kama 0.09. Toa kwenye 9.561 unapata 9.47 bila kugusa chochote. Hizo 200 za resi ndizo zimekumalizia.

Mtoto_wa_Ngamiani

Ndiyo mwalimu. Mimi nilibadilisha kitu kimoja, jioni ikabadilisha cha pili.

bibi_gia

Lakini si ungefunga mafuta kabla ya mstari? Uko mbele, huoni mtu, unaharakisha kwenda wapi?

Mtoto_wa_Ngamiani

Dada, hilo ndilo aliloniambia mzee wa Kawasaki, kwa maneno karibu hayo hayo. Kwenye pikipiki huna saa inayokuonyesha sekunde. Saa yako ni mwenzako. Kama unajua yeye ni mtu wa 9.53, na wewe uko mbele yake kwa mita saba, basi wewe siyo 9.50 tena, wewe ni kitu kingine. Wazoefu wakiona hivyo wanafunga mafuta mita thelathini za mwisho, wanapita mstari mbele kidogo tu, pua kwa pua. Mimi nilidhani kutomwona mtu ni habari njema. Maisha yangu yote kwenye barabara ya Pangani, kutomwona mtu nyuma ilikuwa habari njema.

dereva_wa_mchanga

Nafuta kauli yangu ya chai. Na mzee wa Kawasaki aliishia wapi?

Mtoto_wa_Ngamiani

Fainali. Alipoteza kwa taa nyekundu, alicheka mpaka akakohoa. Daraja lake siyo langu, yeye ni 8.50. Kumbe Kawasaki ile ya zamani ina sekunde nzima mbele yangu, na Jumamosi yote aliniacha nijivune.

Nimempigia mama saa mbili usiku kumwambia nimefika nusu fainali. Akasema alhamdulillah, ukashindwaje? Nikamwambia nilikimbia sana. Kimya. "Yaani umekimbia sana, ndiyo maana umeshindwa?" Ndiyo mama. Akasema, "Nyie mlioko huko mna mambo yenu," akamwita mdogo wangu aje asikilize.

fundi_Eldoret

Kwa hiyo raundi ijayo utafanya nini? Utapunguza resi ikipoa?

Mtoto_wa_Ngamiani

Kwanza nanunua kipimo cha hali ya hewa cha kushika mkononi, kinachosoma joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Kila karatasi ya muda itabandikwa kwenye daftari na hizo namba pembeni. Baada ya mbio ishirini hivi nadhani nitaanza kuona mashine inataka nini ikiwa nyuzi 16 na inataka nini ikiwa 24. Pili, nitajifunza kugeuza macho bila kugeuza kichwa.

Mwenye kipimo cha mtumba kinachofanya kazi, aliye Uingereza, aje inbox. Na kiunganishi cha hewa kipya, cha shaba, siyo cha mtumba. Sabuni ninayo.

Kipusa_wa_Ruwi

Na zile chapati?

Mtoto_wa_Ngamiani

Zimekwisha. Sikula hata moja baada ya ile mvua.